Mashindano ya Biashara: Namna Zake Nne, na Yampasayo Mfanyabiashara Kuyajua



Mara nyingi twasikia watu wakilalama kwamba soko limeharibika. Mwenye duka asema wauzaji wamezidi. Mnunuzi asema wauzaji wamepatana kumchuna. Na kijana aliyefungua duka mwezi wa Rajabu, akalifunga kabla Mfungo Mosi haujaandama, asema amefanyiwa hasadi. Huenda kila mmoja wao ana sehemu ya haki katika maneno yake. Lakini ni wachache waliojiuliza swali lililopasa kutangulia mengine yote: Hili ni soko la namna gani?

Swali hili si la wanafunzi wa vyuo peke yao. Rasilmali ya watu wetu wengi si fedha iliyozidi matumizi. Ni fungu la urithi, au dhahabu ya mama iliyouzwa, au akiba ya miaka ya kazi ya bandarini. Ikipotea, haipotei ya mtu mmoja, bali hupotea pamoja nayo ada ya shule, kodi ya nyumba na heshima ya mtu mbele ya wadeni wake. Basi ni wajibu wetu kulisoma jambo hili kwa utulivu kama tusomavyo mambo mengine yenye manufaa na madhara.

Na neno tutakalo lishikwe katika somo hili ni moja: mashindano yenyewe si adui wa mfanyabiashara wala wa mnunuzi. Adui wa kwanza ni kutoyajua, na adui wa pili ni kuyafisha kwa siri.

MAANA YA MASHINDANO

Mashindano ya biashara ni hali ya wauzaji wawili au zaidi kumtaka mnunuzi mmoja, na kila mmoja akijitahidi amwendee yeye. Lakini hali hiyo si moja mahali pote. Muuza vitunguu hashindani kama ashindanavyo muuza leso, wala kampuni ya petroli haishindani kama fundi wa kushona kanzu. Ili kuipambanua hali, mtu ajiulize maswali matatu.

La kwanza: wauzaji ni wangapi? La pili: je, bidhaa zao ni kitu kimoja, au kila mmoja ana chake kilicho mbali na cha mwenziwe? La tatu: je, mlango wa kuingia katika biashara hiyo u wazi kwa kila mtu, au una kizuizi cha fedha nyingi, ruhusa, au mali iliyo mikononi mwa mtu mmoja?

Kwa majibu ya maswali hayo, wataalamu wa uchumi wameyagawa masoko katika namna nne. Tutazitaja moja baada ya moja, na kwa kila namna tutataja athari yake kwa mwenye biashara.

NAMNA YA KWANZA: WAUZAJI WENGI, BIDHAA MOJA

Hii ndiyo iitwayo mashindano kamili. Kwa hakika, soko lililokamilika hivyo halipatikani ila katika vitabu, lakini yapo yaliyo karibu nalo. Mtu aende Kongowea alfajiri, malori yanaposhusha vitunguu, nyanya na viazi. Wauzaji hawahesabiki, na kitunguu cha huyu hakitambulikani na cha yule. Akisema muuzaji mmoja, "Mimi leo napandisha bei," wanunuzi watampita waende kwa jirani yake, hatua tatu mbele. Na akisema, "Mimi nateremsha," atamaliza gunia lake upesi, lakini hatakuwa ameibadili bei ya soko, kwa kuwa gunia lake ni kama tone katika bahari.

Katika soko kama hili, muuzaji haweki bei, bali huipokea. Wahenga wamesema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini mahali ambapo vyote ni sawa, hicho chema hakina njia ya kujitangaza. Faida kwa kila ratili ni ndogo. Na ikitokea siku faida ikawa kubwa, habari huenea, wachuuzi wapya huingia, mali huzidi sokoni, na faida hurudi ilipokuwa.

Basi ni nani afanikiwaye humo? Ni yule mwenye gharama ndogo kuliko wenziwe: anayenunua wakati wa bei nzuri, asiyeacha mali ikaoza, asiyelipa riba juu ya rasilmali yake, na aandikaye kila kinachoingia na kutoka. Katika biashara ya faida ndogo, senti isiyoandikwa ndiyo faida yenyewe, na mali bila daftari huisha bila habari.

Sharti moja la soko hili mara nyingi husahauliwa, nalo ni habari. Mashindano hayawi ya haki mpaka muuzaji na mnunuzi wote wawili wajue bei inavyokwenda. Dalali anapopanda shambani kumlaki mkulima asiyejua bei ya mjini, akamnunulia mavuno yake kwa thamani ya nusu, mashindano yameshafisidiwa kabla gunia halijafika sokoni. Jambo hili Sheria yetu ililiona zamani. Katika Hadithi sahihi mmekatazwa kuwalaki wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni, na muuzaji aliyepunjwa hivyo amepewa khiyari pindi afikapo akaijua bei. Tazama hekima iliyomo: muuzaji hakukatazwa kuuza rahisi, bali mnunuzi alikatazwa kuufanya ujinga wa mwenziwe kuwa ndiyo faida yake.

NAMNA YA PILI: WAUZAJI WENGI, BIDHAA MBALIMBALI

Namna hii ndiyo iliyo nyingi mijini mwetu. Mafundi wa kushona, wenye mikahawa, wauza halua, vinyozi, wauza manukato na wenye maduka ya nguo wote wamo humu. Wauzaji ni wengi na mlango u wazi, lakini kila mmoja ana kitu kimpambanuacho. Wanavyuoni wawili wa uchumi, Edward Chamberlin wa Marekani na Joan Robinson wa Uingereza, walitoa vitabu vyao mwaka mmoja, 1933, kuonyesha kwamba masoko mengi ya dunia hayako katika mashindano kamili wala katika ukiritimba, bali yako baina yake.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, maana tunao katika leso. Leso mbili zaweza kuwa za pamba moja, upana mmoja na kiwanda kimoja. Lakini mwanamke wa pwani haendi Barabara ya Biashara pale Mombasa kununua pamba. Hununua rangi, pindo, mji, na zaidi ya yote hununua jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Mara nyingi wanaoandika historia ya leso humtaja Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, kuwa ndiye aliyeanza kutia maneno katika leso mwanzoni mwa karne ya 20. Alama yake ya "Mali ya Abdulla" ilienea pwani nzima. Zamani maneno hayo yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha yakaja kuandikwa kwa hati za Kirumi.

Zingatia alilolifanya mfanyabiashara. Kitambaa ambacho kila mtu angeweza kukiagiza alikigeuza kuwa kitu ambacho mnunuzi hukitafuta kwa jina lake. Kwa hivyo akapata uhuru kidogo wa bei, kwani aitakaye leso yenye maneno yale hatatosheka na leso nyingine kwa sababu tu imepungua shilingi kumi.

Lakini uhuru huo una mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni kwamba upya haudumu, maana leo waleta pindo jipya na kesho limeigwa. Basi mwenye biashara ya namna hii hana budi kutengeneza daima, wala hawezi kulala juu ya jina la jana. Mpaka wa pili ni gharama. Kupamba duka, kutangaza, kufunga bidhaa kwa karatasi nzuri, yote hayo ni fedha. Mtu akitumia katika mapambo zaidi ya faida aliyoipata kwa mapambo hayo, amejipambia hasara.

Na katika namna hii ndimo mlimo mtego wa ulimi. Mwenye kushindana kwa sifa hushawishika kusifu asichonacho, au kumtoa kasoro mwenziwe, au kuficha aibu ya bidhaa. Vile vile mmekatazwa mchezo wa kumweka mtu mnadani apandishe bei hali hataki kununua. Jina jema ndiyo rasilmali kubwa katika soko hili, na uwongo mmoja ukijulikana waweza kulibomoa jina lililojengwa kwa miaka ishirini.

NAMNA YA TATU: WAUZAJI WACHACHE WENYE NGUVU

Namna ya tatu ni soko lililoshikwa na kampuni chache, tatu au tano au kumi, na mlango wake ni mzito. Hakuna afunguaye kiwanda cha saruji kwa dhahabu ya mama yake. Saruji, nondo, petroli na simu, yote hayo yamo katika namna hii.

Jambo la kufahamu hapa ni kwamba kila mmoja humtazama mwenziwe. Muuza vitunguu hajali jirani yake afanya nini, kwani jirani mmoja hawezi kulibadili soko. Lakini kampuni moja kati ya nne ikiteremsha bei, zile tatu zitaona siku hiyo hiyo, nazo zitateremsha ili zisipoteze wanunuzi. Na ikipandisha peke yake, zile tatu zitanyamaza na kuwapokea wateja wake. Kwa hivyo bei katika masoko haya mara nyingi husimama kitambo kirefu, kila mmoja akichelea kuwa wa kwanza kuitikisa.

Katika hali hiyo kuna njia mbili zenye hatari. Ya kwanza ni vita vya bei, navyo tutavieleza katika mfano wa simu. Ya pili ni mapatano ya siri. Wachache wanaoweza kukaa kwenye meza moja waweza pia kukubaliana: wewe uza huku, mimi niuze kule, tusishuke chini ya bei hii, tupunguze mali sokoni ili ipande. Hapo majina ya kampuni hubaki mengi mlangoni, lakini ndani muuzaji amekuwa mmoja.

Haya si ya kudhaniwa tu. Mwaka 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilizitoza kampuni tisa za vyuma faini ya zaidi ya shilingi milioni 338 kwa jumla, ikisema kwamba zilipatana juu ya bei na juu ya kupunguza mali. Yule ajengaye chumba kimoja juu ya kingine Kisauni au Likoni hanunui nondo kwa tani. Lakini kila nondo moja aliyoinunua kwa bei ya mapatano ilikuwa na fungu lililotoka mfukoni mwake bila ya yeye kujua limekwenda kwa nani.

Adam Smith, aliyeandika mwaka 1776, aliwaonya watu kwamba wenye kazi moja ni nadra kukutana ila mazungumzo yao hugeuka kuwa njama juu ya bei. Huhesabiwa kuwa ni baba wa elimu ya uchumi, na maneno yake hunukuliwa katika kila chuo. Lakini zaidi ya miaka 400 kabla yake, Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alikwisha kuandika juu ya jambo hili katika kitabu chake cha Hisba. Humo ataja kwamba Imam Abu Hanifa na wafuasi wake waliwazuia wagawanyi wa mali, yaani watu walipwao ujira kwa kugawa ardhi na mirathi, wasifanye ushirika mmoja, kwa kuchelea wasije wakawapandishia watu ujira. Watu walikuwa wakiwahitaji, na kila mmoja akisimama peke yake bei ilikuwa ya haki; wakiungana, mwenye haja hakuwa na pa kwenda. Wangapi katika sisi waliosoma chuoni wakafundishwa habari hii?

NAMNA YA NNE: UKIRITIMBA

Ukiritimba ni kuwa na muuzaji mmoja tu, asiye na mshindani na ambaye bidhaa yake haina badala ya karibu. Sababu zake ni nyingi. Mara nyingine ni sheria iliyompa mtu haki ya pekee. Mara nyingine ni kumiliki chanzo cha bidhaa. Na mara nyingine ni maumbile ya kazi yenyewe: si busara katika mtaa mmoja kusimamisha nguzo za umeme za kampuni mbili, moja huku na moja kule, au kufukia mifereji miwili ya maji chini ya njia moja. Kwa hivyo si kila ukiritimba ni dhulma. Lakini kila ukiritimba wahitaji msimamizi, kwa sababu mnunuzi hana silaha aliyonayo katika masoko mengine, nayo ni kuondoka.

Watu wengi hudhani kwamba ukiritimba ni wa muuzaji peke yake. Upo pia wa mnunuzi, na pwani yetu yaujua vizuri kwa habari ya karafuu. Huko Unguja, sheria ya mwaka 1937 ilikipa chama cha wakulima wa karafuu kilichosimamiwa na serikali ya kikoloni haki ya pekee ya kununua karafuu za kupelekwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi walioishika biashara hiyo walikataa, na India, iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, ikazisusia karafuu za Unguja mpaka yakafikiwa mapatano mwaka 1938. Baada ya Mapinduzi ya 1964, ununuzi ukaingia mikononi mwa serikali mpya. Mkulima wa Pemba hakuwa na mnunuzi mwingine wa halali. Na zilipofika zama ambazo bei ya ndani ilikuwa chini mno ya bei ya nje, karafuu zikasafirishwa kwa magendo usiku kuja pwani ya Kenya. Magendo yale yalikuwa kosa kwa sheria, lakini pia yalikuwa alama: mahali alipo mnunuzi mmoja asiyelipa thamani, mali hutafuta mlango wa nyuma.

Hali iliyo karibu na hiyo humpata muuzaji mdogo apelekaye mali yake kwa duka moja kubwa. Akishazoea kumuuzia mmoja tu, bei hupangiwa, na malipo hucheleweshwa. Duka kubwa la Nakumatt, lililokuwa na matawi mengi nchini na nchi jirani, lilianza kuporomoka mwaka 2017 na likamalizika mwaka 2020, na waliolipelekea mali wengi walibaki na madai yasiyolipwa. Mwaka 2019 sheria ya ushindani ya Kenya iliongezewa nguvu dhidi ya mnunuzi mkubwa achelewesaye malipo bila ya sababu ya haki. Lakini sheria ya kwanza ni ya mtu mwenyewe: asimtegemee mnunuzi mmoja.

MFANO MMOJA: BIASHARA YA SIMU

Tumezieleza namna nne kana kwamba ni vyumba vinne vyenye kuta. Kwa kweli soko moja laweza kuhama kutoka chumba hadi chumba. Tutazame biashara ya simu katika nchi ya Kenya, maana sote tuliishuhudia au tumehadithiwa na wazee wetu.

Mpaka mwaka 1999 shirika moja la serikali lilikuwa na posta na simu pamoja. Mtu alitia ombi la simu akangoja miaka, na hakuwa na wa kumwendea mwingine. Mwaka huo shirika likagawanywa, na mwaka 2000 kampuni mbili za simu za mkononi, Safaricom na Kencell, zikaanza kushindana. Hapo pana funzo zuri. Kencell ilihesabu mazungumzo kwa dakika nzima; Safaricom ikahesabu kwa sekunde. Mtu mwenye shilingi chache aliyetaka kusema neno moja tu, "Nimefika salama," aliona tofauti mara moja. Bila ya kuteremsha bei sana, kampuni iliyomfikiria mtu wa kipato kidogo ikawapata walio wengi.

Mwaka 2008 zikaingia kampuni mbili nyingine, zikawa nne. Mwezi wa Agosti 2010 vita vikawaka: Zain, ambayo ndiyo Kencell ya zamani na leo yaitwa Airtel, ilikata bei yake nusu, ikafika shilingi 3 kwa dakika, na wengine wakalazimika kufuata. Wanunuzi wakafurahi, na kwa haki. Lakini vita vya bei vina majeruhi wake. Mwaka 2014 kampuni iliyoitwa Yu, iliyokuwa dhaifu kuliko wenzake, ikaondoka nchini. Wateja wake wakachukuliwa na mshindani mmoja na mitambo yake na mshindani mwingine. Wauzaji wanne wakawa watatu.

Funzo la tatu ni la ndani zaidi. Safaricom ilianzisha M-Pesa mwezi wa Machi 2007, na mawakala wake wakaenea mpaka vijijini. Kwa miaka kadhaa mawakala hao walifungwa kwa mapatano wasiihudumie kampuni nyingine. Hivyo mlango wa soko ulikuwa wazi katika karatasi, na umefungwa barabarani, kwani mshindani angeanza vipi bila ya mawakala? Mwezi wa Julai 2014 Mamlaka ya Ushindani ikaamuru kifungo hicho kifunguliwe, na mwaka 2018 ikawezekana kutuma fedha moja kwa moja kutoka kampuni moja hadi nyingine. Hata hivyo kampuni iliyotangulia ikabaki mbele kwa mbali, maana kila mtu hupenda kuwa mahali walipo wenziwe. Ukubwa wa namna hii haukutokana na dhulma. Lakini ni nguvu, na kila nguvu yahitaji kutazamwa.

BEI IWEKWE NA NANI?

Hapa msomaji atauliza: ikiwa masoko yaharibika hivi, kwa nini serikali isiweke bei ya kila kitu?

Jibu lataka kupambanua. Imepokewa kwamba bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awawekee bei, naye hakukubali, akichelea kumdhulumu mtu katika mali yake. Kwa hivyo wanavyuoni wengi, na wa madhehebu yetu ya Shafi miongoni mwao, hawakuridhia kuwawekea watu bei. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar alimpitia Hatib bin Abi Baltaa sokoni akiuza zabibu kwa bei ya chini, akamwambia apandishe au aondoke. Na katika upokezi ulioshikwa na Imam Shafi, Sayyidna Umar baadaye alimwendea nyumbani akamweleza kwamba neno lile halikuwa hukumu, na kwamba auze atakavyo. Tazama khalifa mwenye haiba ile alivyojihadhari na bei ya mtu.

Lakini hao hao waliokataa kuweka bei walikataza kuhodhi chakula siku za dhiki ili kipande, na Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim yamhesabu mwenye kuhodhi kuwa mkosaji. Na Ibn Taymiyya akaeleza kwamba katazo la kuweka bei ni pale soko linapokwenda kwa haki na bei ikapanda kwa uchache wa mali au wingi wa watu. Ama wauzaji wakifungiwa biashara peke yao, au wakizuia mali hali watu wana haja nayo, hapo kuwalazimisha thamani ya kadiri ni kuondoa dhulma.

Kenya imezijaribu njia zote mbili katika petroli. Bei ilikuwa ikiwekwa na serikali mpaka 1994, ikaachwa huru, na mwezi wa Desemba 2010 ukarudishwa mpaka wa juu ambao muuzaji haruhusiwi kuupita. Mpaka huo hutangazwa kila mwezi kwa kila mji, nao kwa kawaida huwa chini Mombasa kuliko Nairobi, kwa kuwa mafuta hushushwa bandarini kwetu. Ama katika bidhaa nyingine, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 haikuweka bei, bali ililinda mashindano yenyewe: yakataza mapatano ya siri, yazuia matumizi mabaya ya nguvu, na yataka ruhusa kabla ya kampuni kubwa kuungana. Faini yake yaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya kampuni kwa mwaka.

SHAURI KWA MWENYE DUKA DOGO

Tumalize kwa hesabu moja, maana ndiyo iliyowafilisi wengi. Tuseme wauza kilo 100 za sukari kwa siku, na faida yako ni shilingi 5 kwa kilo: wapata shilingi 500. Jirani amefungua, nawe kwa hasira wateremsha bei shilingi 3. Sasa faida yako ni shilingi 2 kwa kilo. Ili upate zile 500 za jana, sharti uuze kilo 250. Je, mtaa wako una watu wa kunywa chai mara mbili na nusu ya walivyokunywa jana? Na jirani naye akiteremsha kesho, nyote wawili mtauza kilo zile zile kwa faida ya shilingi 2.

Kwa hivyo mwenye duka dogo asishindane na mkubwa katika bei ya kitu ambacho mkubwa hukinunua kwa lori. Ashindane naye kwa yale asiyoyaweza mkubwa: kufungua alfajiri, kuuza kipimo cha mtu wa kipato kidogo, kumjua mteja kwa jina, kupima kwa haki bila ya kuangaliwa. Na wenye maduka madogo wakitaka kuungana, waungane katika kununua, ili wapate bei ya jumla. Hilo ni ushirika mwema. Wasiungane katika kumpandishia mnunuzi, kwani hilo ni lile lile tulilolilaumu kwa wakubwa, na dhulma haigeuki kuwa halali kwa udogo wa mwenye kuitenda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA DARSA

1. Itaje biashara yako au ya jamaa yako. Imo katika namna ipi kati ya hizi nne, na kwa dalili gani?

2. Mmiliki wa duka apunguza bei kwa sababu amepata njia ya kununua rahisi. Mwingine apunguza ili jirani afunge, kisha apandishe. Nini tofauti yao, nasi twaweza kuijuaje?

3. Wenye mikahawa wa mtaa mmoja wakutana, wakubaliana wote wapandishe bei ya chai kuanzia Jumatatu. Je, jambo hili ni ushirika au ni njama? Lina tofauti gani na kununua maziwa pamoja?

4. Mkulima wa minazi auza nazi zake zote kwa dalali mmoja kila mwaka. Afanye nini awe na khiyari?